Mabao Tisa ya Machi, Mabao Tisa ya Juni

Mwaka 1974 Maniema haikuwa jimbo. Ilikuwa sehemu ya Kivu, na ikabaki hivyo hadi 1988. Kutoka Kasongo, mji wetu wa Maniema, hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Upande wa mashariki mambo yalikuwa mengine: njia ya zamani ya misafara ilipita Kabambare ikateremka hadi Ziwa Tanganyika, nayo ndiyo iliyoleta Kiswahili, ndiyo iliyoifanya Kasongo kuwa makao ya Tippu Tip na wenzake kabla ya majeshi ya Mfalme Leopold kuiteka Aprili 1893. Watu wa huku walikuwa raia wa Zaire, lakini mji mkuu wao waliujua zaidi kwa sauti kuliko kwa macho.

Sauti hiyo ilikuwa redio ya taifa, La Voix du Zaïre. Na Machi mwaka ule, mwenye transista alikuwa tajiri wa wageni, maana Chui wa Zaire walikuwa Misri wakiwania Kombe la Mataifa ya Afrika. Tukumbuke miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu vita vya waasi wa Simba. Mwaka 1964 Kasongo na Kabambare zote ziliangukia mikononi mwa waasi, na vijana wengi waliofikia umri wa kucheza mpira mwaka 1974 walikuwa wameonja utoto wa kukimbilia msituni. Nchi iliyotoka huko ilikuwa na kiu ya jambo moja la kufurahiwa na wote, Mluba na Mkusu, Mbangubangu na Mkongo. Jambo hilo lilikuja likiwa na jina la mtu: Ndaye Mulamba.

Alizaliwa Novemba 1948 huko Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, akapitia timu za Kasai kabla ya kufika AS Vita Club ya Kinshasa. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Wenzake walimwita Mutumbula. Msimu wake mkubwa haukuanzia Misri bali nyumbani, mwishoni mwa 1973, katika wiki moja ambayo sijui kama soka la Kongo limewahi kuona nyingine ya kuilinganisha nayo. Tarehe 9 Desemba Zaire iliipiga Morocco 3-0 mjini Kinshasa, na kwa ushindi huo ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia. Tarehe 16 Desemba, mjini humo humo, Vita Club iliyokuwa imelala 4-2 mbele ya Asante Kotoko kule Kumasi ilijibu kwa 3-0 na kuchukua ubingwa wa vilabu vya Afrika.

Kwa hiyo Chui walipotua Misri hawakuwa watu wa kubahatisha. Kocha wao alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyewahi kuwa golikipa wa nchi yake. Golini alisimama Kazadi Mwamba, mtu wa Lubumbashi aliyeonja ubingwa wa Afrika na klabu ya Englebert. Nyuma walikuwapo Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, na Lobilo Boba na Mwepu Ilunga. Nahodha alikuwa Kidumu Mantantu. Mbele walikuwapo Mayanga Maku, Kakoko Etepe, na Ndaye.

Mashindano yalikuwa ya timu nane. Zaire ilianza na Guinea ikashinda 2-1, mabao yote mawili ya Ndaye. Ikafungwa 2-1 na majirani wa ng'ambo ya mto, Congo-Brazzaville. Ikaifunga Mauritius 4-1. Mpaka hapo Ndaye alikuwa na mabao matatu, idadi nzuri lakini si ya kumfanya mtu aamke usiku kuitaja. Uganda, wawakilishi wa Afrika Mashariki katika kundi jingine, walishaaga baada ya kutoka sare mara moja na kufungwa mara mbili.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji, Cairo. Misri ikaongoza 2-0, moja likiwa la Mwepu kujifunga mwenyewe. Uwanja mzima ulishaanza kuhesabu fainali. Ndaye akarudisha moja, Kidumu akasawazisha, Ndaye akafunga la tatu. Misri wakatolewa kwao, mbele ya watu wao.

Fainali ya tarehe 12 Machi dhidi ya Zambia ndiyo inayostahili kusimuliwa polepole. Zambia walitangulia kupitia Kaushi kabla ya mapumziko. Dakika ya 65 Ndaye akasawazisha, na dakika 90 zikaisha 1-1. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 117, Ndaye akafunga tena. Zimebaki dakika tatu. Wachezaji waliochoka wanakokota miguu, mpira unabutuliwa mbali, kombe limekwisha kuwa la Zaire. Dakika ya 120 Sinyangwe akasawazisha. Enzi hizo fainali haikuamuliwa kwa penalti, kwa hiyo timu zote mbili zikarudi uwanjani siku mbili baadaye. Tarehe 14 Machi, kwa mujibu wa kumbukumbu zilizobaki, walikuja watazamaji wapatao 1,000 tu, kwani Wamisri hawakuwa na timu tena ya kushangilia. Mbele ya viti vitupu Ndaye akafunga mara mbili, Zaire 2, Zambia 0.

Katika fainali ile na marudio yake Zaire ilifunga mabao manne. Yote yalikuwa ya mtu mmoja. Jumla yake kwa mashindano mazima ikawa tisa kwa mechi sita. Mwenye rekodi kabla yake alikuwa Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire aliyefunga manane huko Sudan mwaka 1970.

Rais Mobutu aliwapokea kwa nyumba na magari. Jina la Ndaye likaimbwa Kinshasa, na kwa redio likafika kila kituo cha utawala, kila misheni, kila machimbo ya dhahabu ya Kabambare. Hata hivyo zawadi ya mchezaji bora wa Afrika mwaka ule haikwenda kwake. Ilikwenda kwa Paul Moukila wa Congo-Brazzaville. Sina ugomvi na Moukila, aliyekuwa fundi kweli kweli. Ila inaonyesha kwamba hata mwaka wenyewe, hesabu ilipokuwa bado mbichi, watu hawakukubaliana uzito wake.

Kisha ikaja Juni, na Ujerumani Magharibi. Tarehe 14 Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland mjini Dortmund, kipigo kisicho na aibu. Siku zilizofuata ndizo zilizoharibu kila kitu. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba marupurupu waliyoahidiwa hayakuwafikia, wakatishia kugoma, na wakaingia uwanjani tarehe 18 wakiwa hawana moyo. Mbele yao ilikuwa Yugoslavia, nchi ya kocha wao. Dakika 20 za kwanza hazijaisha, mabao matatu yalikuwa ndani ya nyavu. Kazadi akatolewa, akaingia Tubilandu Ndimbi, golikipa mfupi wa kimo, na kazi yake ya kwanza ikawa kuuokota mpira wavuni. Katika vurugu za bao hilo mwamuzi kutoka Colombia alipigwa teke kwa nyuma. Aliyelipiga ni Mwepu. Aliyeonyeshwa kadi nyekundu ni Ndaye. Mfungaji wa mabao tisa akatoka uwanjani kwa kosa la mtu mwingine, na timu yake ya watu kumi ikaendelea hadi ikafungwa tisa.

Tisa za Machi na tisa za Juni. Ni nani asiyezilinganisha? Huku kwetu kwa miaka mingi zimewekwa pamoja, ya kwanza kama sifa na ya pili kama dawa ya kuituliza. Nje ya Afrika ni mbaya zaidi, kwani wengi wanaijua ile ya pili tu, pamoja na picha ya Mwepu akichomoka ukutani kuubutua mpira wa adhabu wa Wabrazili tarehe 22 Juni. Waliicheka picha hiyo kwa miongo kadhaa kabla ya Mwepu mwenyewe kueleza hofu waliyokuwa nayo: waliambiwa na watu wa rais kwamba wakifungwa zaidi ya matatu na Brazil, wasirudi nyumbani. Ikaisha 3-0.

Ukitazama jedwali la kundi lile kwa makini utaona jambo ambalo halisemwi. Brazil, Yugoslavia na Scotland zilitoka sare zenyewe kwa zenyewe: 0-0, 0-0 na 1-1. Kila moja ilimaliza na pointi nne. Kilichozitenganisha ni kitu kimoja tu, idadi ya mabao ambayo kila moja iliifunga Zaire: Yugoslavia tisa, Brazil matatu, Scotland mawili. Scotland ikatolewa bila kupoteza mechi hata moja. Kundi zima la Kombe la Dunia liliamuliwa kwa siku moja mbaya ya timu moja iliyovunjika moyo. Anayesema 9-0 ile ilikuwa kipimo cha soka la Zaire na aeleze kwa nini Scotland, siku nne kabla, walipata mawili tu.

Hapo ndipo ninapotaka kwenda mbali kidogo, hadi Marekani, kwa sababu wenye mchezo wa besiboli wamefanya kazi kubwa kuliko watu wote katika kupima msimu wa mchezaji mmoja na kuulinganisha na wa mwingine. Katika besiboli mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Kipimo chake kikuu ni wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila vipindi tisa, bila kuhesabu zile zilizotokana na makosa ya wenzake. Namba ikiwa ndogo ndiyo sifa. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis Cardinals alimaliza msimu na wastani wa 1.12, na katika mechi 13 hakuruhusu pointi hata moja. Mwaka 2000 Pedro Martínez wa Boston Red Sox alimaliza na 1.74. Kwa macho matupu Gibson yuko mbele, na mbali.

Lakini mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa warushaji. Wastani wa ligi nzima ya Gibson ulikuwa 2.99, na wapigaji waliteseka hata wakuu wa mchezo wakaamua kwamba kuanzia 1969 kichuguu kishushwe kutoka inchi 15 hadi 10. Mwaka 2000 ulikuwa kinyume, mwaka wa wapigaji wenye misuli. Wastani wa ligi ya Martínez ulikuwa 4.91, na aliyemfuata katika ligi hiyo alikuwa na 3.70. Kwa hiyo kila pointi 100 ambazo mrushaji wa kawaida wa wakati wake angeruhusu, Gibson aliruhusu kama 37, na Martínez kama 35. Wajuzi wengi humweka Martínez juu, japo namba yake ni kubwa. Msimu haupimwi peke yake. Unapimwa ndani ya mwaka wake.

Wala si lazima twende Marekani kujifunza hilo. Miaka ile ile ya Ndaye, Kasongo yenyewe ilikuwa mahali pa hesabu ya uzito mkubwa kuliko mpira. Madaktari waliofanya kazi na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walikuwa wakijenga hapo mfumo wa vituo vya afya vya wilaya, na wakafuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35 kuona chanjo ya surua inaokoa wangapi. Waliwalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, na mwaka 1981 matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet. Waliochanjwa waliishi zaidi. Ila timu ile ilidai kwamba tofauti ilipungua kadiri muda ulivyopita, kana kwamba baadhi ya watoto dhaifu waliookolewa na chanjo walikuja kufa kwa maradhi mengine. Watafiti wengine walipinga vikali, hasa kuhusu ni nani alilinganishwa na nani. Jina la mji wetu lingali linatajwa katika mabishano ya wataalamu wa chanjo kwa sababu ya swali hilo.

Basi tumpime Ndaye kwa mizani hiyo hiyo. Wapinzani wake ni wawili: Pokou wa 1970, mabao 8 katika mechi 5, na Vincent Aboubakar wa Cameroon, mabao 8 katika mechi 7 za mashindano ya 2021 yaliyochezwa mwanzoni mwa 2022. Kwa wastani wa mechi Pokou anaongoza na 1.6, Ndaye 1.5, Aboubakar 1.14. Sasa tazama wakati wao. Mashindano ya 1970 yalikuwa na mabao 51 katika mechi 16, na ya 1974 mabao 54 katika mechi 17. Yote mawili ni zaidi kidogo ya matatu kwa mechi. Ya Cameroon yalikuwa na mabao 100 katika mechi 52, hayafiki mawili kwa mechi. Ulinzi umekaza, mbinu zimebadilika, kila timu ina mtu wa kuchunguza video. Kwa kipimo cha Martínez, basi, Aboubakar ndiye wa kwanza, Pokou wa pili, na Ndaye wetu wa tatu. Ukitazama sehemu ya kila mtu katika mabao ya timu yake, Pokou alifunga 8 kati ya 11 ya Côte d'Ivoire, Ndaye 9 kati ya 14, Aboubakar 8 kati ya 14.

Ninaiandika hesabu hii bila kuipunguza, ingawa inaniuma, kwa sababu mtu wa Kongo asiyeijua atashindwa barazani siku atakapokutana na Mkameruni mwenye kalamu.

Lakini mabao si gunia la mchele ambalo kila kilo ni sawa na nyingine. Matano kati ya manane ya Pokou aliyafunga siku moja, Ethiopia ilipopigwa 6-1. Aboubakar alianza na penalti mbili dhidi ya Burkina Faso, hakufunga robo fainali wala nusu fainali, akamalizia na mawili katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Ndaye alikuwa na matatu tu mashindano yalipofika nusu fainali. Sita yaliyobaki aliyafunga katika mechi tatu za mwisho, mawili kila mechi: wenyeji wakiwa mbele 2-0, kisha Zambia wakiwa mbele 1-0, kisha marudio ambayo asiyeshinda anarudi mikono mitupu. Katika mechi hizo tatu Zaire ilifunga mabao saba, na ni moja tu, la Kidumu, ambalo halikuwa lake. Pokou hakufika fainali. Aboubakar hakufika fainali. Toa mabao ya Pokou, Côte d'Ivoire ya 1970 inakosa nafasi ya nne. Toa ya Ndaye, Zaire ya 1974 haina kombe.

Mwenyewe hakuishi kama mtu wa hesabu hiyo. Baada ya Ujerumani Mobutu aliipa kisogo timu ya taifa, na ahadi zikakauka. Mwaka 1994 shirikisho la soka la Afrika lilimwalika Tunisia na kumtunuku kwa rekodi yake. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakitaka fedha walizodhani amekuja nazo. Walimpiga risasi mguuni. Mtoto wake wa kiume aliuawa. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town maisha ya mkimbizi asiyejulikana. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kumkumbuka marehemu Ndaye Mulamba, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea kwamba amekufa katika ajali ya mgodi Angola. Alikuwa hai. Viongozi wa soka la bara walikuwa na namba yake kichwani bila kujua mwenye namba analala wapi. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2010, na alifariki kweli Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Mwaka huo huo Kombe la Mataifa lilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 24, na anayefika fainali sasa anacheza mechi saba, moja zaidi ya zile za Ndaye pamoja na marudio yake. Aboubakar alikosa bao moja kumfikia. Aliyeongoza kwa mabao huko Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Emilio Nsue wa Guinea ya Ikweta, alimaliza na matano.